Mvua ni ile ile, udongo si ule ule

Juma lililopita, mara tu kipindi hiki kilipomalizika hewani, simu ililia studioni. Aliyepiga alikuwa kijana wa Kayole ambaye, kwa maelezo yake, amejinunulia baiskeli ya mlimani ya mtumba na tayari ana wenzake wanne wa kwenda nao nje ya mji kila Jumamosi. Swali lake lilikuwa fupi. Je, mvua ikinyesha Alhamisi na kukatika Ijumaa, Jumamosi wanaweza kwenda?

Nilimjibu kwa swali, jambo ambalo sisi watangazaji hukatazwa kulifanya. Nilimwuliza wanakwenda wapi.

"Mzee, mimi nimekuuliza habari ya mvua, si habari ya mahali," akasema, na kwa sauti yake nikajua anadhani sikumsikia vizuri.

Nilimsikia. Na kwa kuwa muda wa simu ulikuwa mfupi na jibu ni refu, nilimwahidi kwamba nitalitoa leo. Najua wako wengi wenye swali kama lake, maana siku hizi ukisimama Jumamosi asubuhi kwenye barabara ya kwenda Limuru au ile ya Ngong utawaona vijana na wazee, wake kwa waume, wameinama juu ya usukani wakielekea milimani. Miaka ishirini iliyopita ungemwona mtu wa makamo kama mimi juu ya baiskeli ungedhani gari lake limeharibika.

Baiskeli hizi zenyewe si za zamani sana. Zilianzia Marekani, katika vilima vya Marin County huko California, miaka ya sabini, ambapo vijana walichukua baiskeli nzito za kizamani, wakazitia matairi manene na kushuka nazo milima kwa kasi. Shindano lao la kwanza lililojulikana lilikuwa la mwaka 1976. Mteremko ulikuwa mkali hivi kwamba grisi iliyokuwa ndani ya breki ya nyuma iliungua yote ikageuka moshi, na kila aliyefika chini ilimbidi afungue breki atie grisi upya. Ilipofika mwaka 1996 mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki kule Atlanta. Nayasema haya ili msomaji aelewe kwamba baiskeli hii iliundwa kwa ajili ya njia mbaya. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: hudhani kwamba kwa kuwa matairi yana meno, basi hakuna tope litakaloyashinda.

Sasa turudi kwa swali la kijana wangu. Sababu ya kumwuliza mahali ni kwamba Nairobi imekaa mahali pa ajabu. Ukienda kaskazini na magharibi, yaani Karura, Tigoni, Limuru, utakanyaga udongo mwekundu. Ukienda mashariki na kusini, Embakasi, Syokimau, Kitengela na mbuga za Athi, utakanyaga udongo mweusi. Ukiteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha, utakanyaga majivu ya volkano. Safari zote hizo tatu haziwezi kukupotezea siku, lakini mvua moja ikinyesha kote, itaacha njia tatu zisizofanana hata kidogo.

Tuanze na udongo mwekundu, ndio ninaoujua zaidi kwa kuwa nimeuangukia mara nyingi. Udongo huu umetokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu mno, na wekundu wake ni wa chuma kilichomo ndani yake, kama vile kutu. Ni udongo wa mfinyanzi, ila chembe zake zimeshikana katika vidonge vidogo vidogo, na katikati ya vidonge hivyo maji hupenya na kwenda chini. Ndiyo maana majani chai na kahawa huupenda. Shambani ambako haujakanyagwa, mvua ya saa nzima huingia yote ardhini.

Kijia lakini si shamba. Kijia kimekanyagwa na miguu, kwato na magurudumu kwa miaka, na vile vidonge vimesagika vikawa kitu kimoja kigumu. Maji yakija hayana pa kupenya. Hulainisha sehemu ya juu tu, unene wa ganda la chungwa, na chini yake pabaki pagumu kama sakafu. Hiyo ndiyo siri ya utelezi wa Limuru. Mtu huangalia njia akaona imelowa kidogo tu, akajiambia hakuna matope. Kweli hakuna. Kuna sabuni iliyopakwa juu ya saruji. Meno ya tairi hayana mahali pa kung'ata, na ukishika breki ya mbele penye kona, utajikuta chini kabla hujajua umefanya nini.

Kiangazi nacho kina ujanja wake. Mwezi wa Januari na Februari sehemu ile ile ya juu hukauka na kusagika kuwa vumbi laini, likalala juu ya ugumu ule ule. Jaribu kumwaga unga wa ugali sebuleni kisha utembee na soksi. Basi ndivyo ilivyo kona ya Karura mwezi wa Februari. Mawe hujitokeza, mizizi huvuliwa udongo ikabaki imeinuka kama mishipa ya mkono wa mzee, na baiskeli hurushwa huku na huku. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kiangazi ndio wakati mzuri wa kwenda, namwambia ni nusu ya kweli. Wakati mzuri kabisa katika udongo mwekundu ni ile asubuhi ya siku ya pili au ya tatu baada ya mvua ya wastani, unyevu ukiwa umebaki ndani lakini juu pamekauka. Hapo gurudumu hushika kama limegundishwa, na vumbi hakuna.

Nimesema siku ya pili au ya tatu, lakini hesabu hiyo si ya kila mwezi. Mwezi wa Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, mvua yetu ni haba sana ukilinganisha na masika ya Machi hadi Mei au vuli ya Oktoba hadi Disemba. Hata hivyo kule Tigoni wingu hulala juu ya majani chai tangu alfajiri hadi adhuhuri, manyunyu yakianguka kidogo kidogo, jua lisionekane. Manyunyu hayo hayajazi hata kikombe, lakini njia haikauki juma zima. Aprili inaweza kunyesha mvua kubwa ya usiku, jua kali likawaka mchana, na jioni mahali pa wazi pakawa pakavu. Kinachokausha njia ni jua na upepo, si kukatika kwa mvua. Ndiyo maana pia ndani ya msitu, penye kivuli kizito, dimbwi la Jumatatu utalikuta Ijumaa, ilhali hatua mia moja kutoka hapo, penye uwazi, vumbi linapepea.

Haya yote niliyajua nusu nusu mpaka yaliponipata ya Disemba moja, miaka michache iliyopita. Vuli ilikuwa ikielekea ukingoni. Tulikuwa watu sita, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mmoja wetu alisema turudi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeamka saa kumi na moja na kuacha chai ya moto mezani, nilisema twende, tope halijaua mtu. Tukashuka kwa kijia kimoja kando ya mashamba ya majani chai, tukicheka, tukiteleza, tukipanda tena. Magurudumu kumi na mawili yalipita mahali pamoja. Nyuma yetu tuliacha mfereji wa kina cha kiganja, uliopinda kama nyoka katikati ya njia.

Hatukuugeuza uso kuuangalia. Nani hutazama nyuma akiwa anashuka mlima?

Mwishoni mwa Januari nilipita pale tena, peke yangu, njia ikiwa kavu. Mfereji ulikuwapo. Udongo mwekundu ukikorogwa ukiwa umelowa kisha ukaukie jua la Januari, huwa kama tofali. Kingo za mfereji wetu zilikuwa zimesimama kali, na chini yake kulikuwa na alama za meno ya matairi, nami nilizitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Mbele kidogo nikamkuta mzee mmoja ameketi kando ya njia, amejishika kifundo cha mkono. Baiskeli yake, ile nyeusi nzito tunayoiita Black Mamba, ilikuwa imelala ubavuni, na mtungi wa maziwa umefunguka. Gurudumu lake la mbele liliingia mferejini, likakataa kutoka. Lita 15 za maziwa ya asubuhi zilikuwa zimekwisha kunywewa na ardhi.

Nilimsaidia kuinuka. Akaitazama baiskeli yangu, akayatazama matairi, kisha akautazama mfereji.

"Bwana, ni nyinyi mliopita hapa wakati wa mvua?"

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia, "Ni sisi, mzee."

Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alisema tu kwamba yeye kukinyesha vile huisukuma baiskeli kwa mguu, pembeni kwenye nyasi, na kwamba watoto wa shule nao wamefundishwa hivyo, kwa sababu njia ikishachimbika mwezi wa kumi na mbili hakuna wa kuilainisha mpaka masika. Hapo ndipo nilipopata kuelewa kwamba sisi wa Jumamosi huharibu kwa dakika kumi kitu ambacho wenyeji watakitumia kila siku kwa miezi mitatu. Ubaya wenyewe hauishii kwenye magurudumu. Masika yakija, maji hutafuta mahali pa chini, na mfereji wa tairi ni mahali pa chini palipotayarishwa. Maji hukimbia humo, hubeba udongo, huchimba zaidi. Wapita njia nao huukwepa kwa kukanyaga pembeni, pembeni napo pakaharibika, na kijia cha upana wa mtu mmoja kikawa uwanja.

Nihamie kwenye udongo mweusi, na hapa sitakawia kwa kuwa ushauri wangu ni mfupi: ukiwa umelowa, usiende. Huu ndio ule wanaouita blakikotoni, ambao fundi wa nyumba wa Kitengela akiusikia humwambia mwenye ploti aongeze pesa za msingi. Chembe zake ni vipande bapa vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, na maji huingia katikati ya vipande hivyo, vikasukumana na kuvimba. Kukikauka hurudiana, na ardhi yote hupasuka nyufa ambazo mkono huingia mpaka kwenye kiwiko. Nyumba hupasuka kwa sababu hiyo, na barabara pia.

Kwa mwenye baiskeli, udongo huu hautelezeshi tu, hunata. Mzunguko wa kwanza wa gurudumu huokota tope, wa pili huokota tope na nyasi, na kufikia wa kumi tairi limenenepa mpaka limejaa katikati ya uma wa mbele na kugoma kuzunguka. Utaibeba baiskeli begani, nayo sasa ina uzito mara mbili, huku viatu vyako navyo vikiota soli za tope za kwenda na wewe. Nimeona watu wazima wakilia machozi karibu na Isinya, na sisemi hivi kwa kutia chumvi. Na ukauke basi? Ukikauka ni mgumu, hauna vumbi jingi, na unakwenda vizuri sana, mradi uwe macho. Ufa unaofuata mwelekeo wako utalimeza tairi jembamba likakurusha. Hapa kiangazi ni rafiki wa kweli, na mvua ya Alhamisi haifai kwa safari ya Jumamosi, wala pengine ya Jumamosi ifuatayo.

Ajabu ni Naivasha. Kule mambo hugeuka juu chini. Ardhi ya Hell's Gate na pande za Longonot ni majivu na vijiwe vyepesi vya volkano, chembe kubwa kubwa zisizoshikana. Zikiwa kavu, gurudumu huzama na vumbi hufika mapafuni. Wageni waliozoea Karura hushangaa kuona wanakanyaga pedali kwa nguvu zote na hawaendi popote. Mvua kidogo ikinyesha, utando mwembamba wa maji huzishikanisha chembe hizo, kama vile mtoto wa pwani anavyojenga nyumba ya mchanga kwa mchanga uliolowa na si kwa mchanga mkavu, na njia huwa imara na tamu. Hivyo mvua ile ile ya Alhamisi iliyowafungia watu wa Kitengela nyumbani ndiyo inayowaita watu wa Naivasha nje. Nao waendao huko hupunguza upepo wa tairi. Tairi la barabarani hujazwa hata pauni 80 kwa inchi ya mraba, lakini la mlimani latosha pauni 25 hadi 35 kutegemea uzito wa mwendeshaji, na penye majivu makavu hushushwa kuelekea chini ya kiwango hicho ili tairi litandaze mguu wake.

Lakini mvua ikizidi, majivu hayo ambayo hayakushikana husombwa kwa urahisi kuliko udongo mwingine wowote niliokwisha kuutaja. Wengi mtakumbuka mwezi wa Machi mwaka 2018, wakati ardhi ilipopasuka kule Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Dunia nzima ikatangaza kwamba Afrika inagawanyika, lakini wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imeosha majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Kijia cha baiskeli ni kitu kidogo sana mbele ya nguvu kama hiyo. Ulichokipita Jumamosi iliyopita huenda leo kina shimo la urefu wa mtu.

Tena hapa kuna hatari ambayo haihusu baiskeli bali roho. Waendesha baiskeli wengi wa Hell's Gate walizoea kuziacha baiskeli zao juu na kushuka kwa miguu katika lile korongo jembamba la Ol Njorowa. Aprili mwaka 2012, vijana waliokuwa katika matembezi ya kanisa walikutwa humo na maji ya ghafla, na saba wakafariki. Septemba mwaka 2019 watu wengine saba walikufa katika korongo hilo hilo. Maji ya korongo hayangoji mvua inyeshe juu ya kichwa chako. Hunyesha mbali juu mlimani, wewe ukiwa umesimama penye mchanga mkavu ukipiga picha, nayo yakafika kama ukuta. Kwa hiyo kule, swali la "kumenyesha?" huulizwa juu ya milima yote inayomwaga maji humo, na huulizwa kwa walinzi wa hifadhi kabla ya kushuka.

Naam, na je, kijana wa Kayole akifika mahali asipopajua? Kuna njia ambayo wafinyanzi na wakulima wameitumia tangu zamani. Chota udongo wa njiani, utie mate au maji kidogo, ufinyange. Ukikataa kushikana na ukamwagika vidoleni, ni mchanga au majivu, na unyevu ni faida yako. Ukifanya mviringo lakini ukijaribu kuuviringisha uwe kamba ukakatika, ni mchanganyiko, nenda kwa uangalifu. Ukiviringika ukawa kamba nyembamba, ukaikunja kamba hiyo ikawa pete isiyopasuka, huo ni mfinyanzi, na kama umelowa bila ya wewe kuutia maji, geuza baiskeli. Kipimo kingine ni cha nyuma: endesha hatua ishirini, simama, tazama alama uliyoiacha. Ikiwa ni michoro ya meno tu, endelea. Ikiwa tairi limezama kufikia pingili ya kwanza ya kidole, unachimba mfereji wa mtu mwingine. Siku hiyo nenda kwenye barabara ya murram au lami, mazoezi ni yale yale.

Mlolongo nao una lake la kusema. Tope jekundu lina chembe ngumu, na zikichanganyika na mafuta ya mnyororo huwa kama msasa. Osha kwa maji ya kumwaga taratibu, si ya bomba lenye nguvu linaloyasukuma maji ndani ya beringi, kausha kwa kitambaa, ndipo utie mafuta. Vumbi la Naivasha ni kinyume: usitie mafuta mengi, maana yatalikusanya.

Kuhusu yule mzee, nilimlipa maziwa yake siku ile ile, akapokea bila maneno mengi. Majuma mawili baadaye tulirudi wanne kati ya wale sita, safari hii na majembe ya kuazima. Tulivunja zile kingo, tukajaza, tukashindilia, na kila baada ya hatua kumi na tano au ishirini tukachimba kifereji cha mshazari cha kuyatoa maji njiani na kuyaelekeza kwenye nyasi kabla hayajapata mbio. Mzee alikuja kutusimamia, mkono wake ukiwa bado umefungwa kitambaa, akatuambia vifereji vyetu vimelala mno, maji yatajaza tope na kuruka juu. Tukavichimba upya kwa mshazari mkali zaidi kama alivyotuonyesha. Masika yalipokuja, vitatu viliziba na vingine vikafanya kazi.

Siku hizi nina nambari yake ya simu. Ijumaa jioni humpigia, naye hutoka nje kwanza, nikamsikia akitembea, kisha hunijibu kama ni wa kuja au si wa kuja. Ijumaa iliyopita alisema nisubiri mpaka Jumanne.

Kijana wa Kayole, nipigie tena uniambie mnakwenda wapi.